Tumbo la Mgawa Maji

Kopo lilikwenda limejaa, likarudi limejaa.

Namsifu aliliona akiwa ameinama juu ya jiko la mkaa, akijifanya anapepea moto ambao ulikwisha kushika zamani. Baba yake alikuwa akitoka nyuma ya uzio wa mabati, kule kwenye choo cha wapangaji wote, amevaa koti lake la kanisani kama mtu atokaye barazani kwa mkuu wa wilaya. Mkono mmoja ulishika kopo la maji, mwingine uliupapasa ukuta. Hakumwaga hata tone. Alipofika mlangoni pao aliyamimina maji yale kwenye ndoo ya kufulia, yasipotee bure, kisha akaketi kwenye kigoda na kulielekezea jua uso wake.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba."

"Umeamkaje?"

"Nimeamka."

Mazungumzo yao ya asubuhi yalikuwa hayo tu. Namsifu alirudi kwenye uji wake, na moyoni akahesabu. Hii ilikuwa siku ya sita ya kopo kurudi kama lilivyokwenda.

Mzee Eliamini hakuwa mtu wa Same. Kwao ni Myamba, juu kule ambako ukungu hushuka hadi kwenye migomba na mtu husikia mto kabla hajauona. Kwa miaka ishirini na mitatu alikuwa mgawa maji wa kitongoji chao. Alfajiri alikwenda kwenye ndiva, lile bwawa la udongo ambalo wahenga walilijenga likusanye maji ya mto usiku kucha, akaizibua, na kwa jembe lake akayaongoza maji mfereji kwa mfereji, shamba kwa shamba, kila nyumba kwa zamu yake. Hakuna aliyemhonga. Wapare wanasemwa kwamba watauza ng'ombe ili washinde kesi ya kuku, lakini kesi ya maji haikuwahi kumpita Eliamini ikafika mahakamani.

Kisha mambo yakageuka, moja baada ya jingine, kama jino linalong'oka likayalegeza mengine. Chama cha ushirika kilifunga milango. Wakaja wanunuzi wa kahawa wenye mizani yao wenyewe, na baada ya misimu mitatu nao hawakuja. Vijana waliteremka mabondeni, wengine kwenye mashamba ya mkonge, wengine kuuza mitumba kando ya barabara kuu. Mvua za Elinino zilipoubomoa ukingo wa ndiva, juu hapakuwa na migongo ya kuujenga upya. Eliamini alibeba matope peke yake kwa wiki mbili, mpaka siku moja magoti yalipokataa. Mwaka uliofuata aliteremka Same kwa bintiye, juu ya lori la tangawizi, na jembe lake limefungwa kwenye gunia.

Sasa ilikuwa miezi minane. Miezi minane katika chumba kimoja chenye pazia katikati, katika mji ambao upepo huamka kabla ya watu na vumbi hukaa mezani kama mgeni asiyeaga. Maji ya mji huo yalipita barabarani juu ya mkokoteni, ndani ya madumu ya njano, yakinadiwa kama samaki. Siku ya kwanza Mzee Eliamini alipomwona bintiye akinunua maji, alisimama mlangoni akatazama mpaka mkokoteni ulipopinda kona. Tangu siku hiyo alikunywa nusu kikombe asubuhi na nusu kikombe jioni, na akiongezewa alisema, "Nimetosheka. Mimi si ng'ombe."

Namsifu alimpa alichokuwa nacho, na alichokuwa nacho ni sembe. Alifanya kibarua kwenye mashine ya kukoboa na kusaga, ambako mwenye mashine alimlipa nusu kwa fedha na nusu kwa unga. Unga wenyewe ulikuwa mweupe kama pamba, uliokobolewa mara mbili. Alipokuwa mtoto, miaka ile ya foleni, walikula ugali wa yanga, mahindi ya njano ya msaada, na watoto wa shule walitaniana kwa rangi ya chakula cha jana. Basi kila alipopindua sahani mbele ya baba yake na ugali ukakaa pale mweupe, laini, usio na doa, aliona kwamba angalau jambo moja maishani mwake limenyooka. Mzee alikula ugali huo kwa mchuzi wa dagaa, mchana na jioni. Makande aliyoyazoea, yenye mahindi na maharage yaliyochemka kutwa kwa magadi, yalitaka mkaa mwingi na mtu wa kukaa nyumbani. Namsifu hakuwa na hivyo viwili.

Sasa kopo lilikuwa linamwambia kitu, naye hakuwa na mdomo wa kujibu.

Kwao binti hataji cha baba yake kilicho chini ya mkanda. Si kwamba pana sheria iliyoandikwa. Ni jambo ambalo mtu hulinyonya pamoja na maziwa, kama vile kutokukalia kinu. Mama angekuwepo, mama angeuliza. Mama hakuwepo. Namsifu aliosha vyombo akijiambia kwamba kesho kopo litarudi tupu, na kesho ilipofika alijiambia vivyo hivyo.

Siku hiyo ya sita, wakati wa mapumziko ya mchana, alijipangusa unga usoni akaenda dukani kwa Mwanaidi.

Mwanaidi alikuwa mwanamke mrefu wa hapo mjini, wa ukoo wa wafanyabiashara waliokuwapo Same kabla ya reli. Aliuza kanga na sabuni na ndala, na tangu biashara iwe huria aliuza pia mikebe ya unga wa dawa-chakula iliyokuja kutoka nje kwa njia ya mawakala. Alikwishahudhuria semina Moshi. Cheti chake kilining'inia ukutani karibu na kalenda ya msikiti.

"Ee, bibi sembe," alisema alipomwona. "Karibu. Leo umekuja na mashine yote mwilini?"

Namsifu alitabasamu kidogo. Mwanamume mmoja alikuwa akijaribu ndala kwenye kona. Alisubiri yule mtu atoke, lakini yule mtu alikuwa na miguu migumu kuridhika.

"Ule mkebe," Namsifu alisema mwishowe, akiitazama sakafu. "Ule uliosema ni wa tumbo."

"Wa choo? Nani amefunga choo?"

Mwanamume wa ndala aliinua kichwa.

"Mimi," alisema Namsifu.

"Wewe? Na wembamba huo, unakificha wapi?" Mwanaidi alicheka, lakini alikwishaunyakua mkebe toka rafuni na kuuweka mezani. Ulikuwa na picha ya mzee mzungu akikimbia ufukweni. "Nisikilize, mdogo wangu, maana hiki si kitu cha kununua kama peremende. Tumbo la mtu mzima si mfuko. Ni mji. Kule chini, kwenye utumbo mkubwa, wanakaa vijidudu ambao ukianza kuwahesabu utazeeka. Wabaya wapo, kama kila mji. Lakini wengi ni raia wema. Sasa raia wanakula nini? Sukari na nyama mwili umekwisha kuzichukua huko juu. Wao wanangoja makapi, zile nyuzinyuzi ambazo tumbo lako limeshindwa kuzisaga. Wakipata, wanazichachua, wanaongezeka, choo kinalainika. Wakikosa, wanasinzia. Na wao wakisinzia, wewe unakaa chooni unasoma gazeti."

"Na hizo nyuzinyuzi wanazitoa wapi?"

"Kwenye mizizi ya mmea fulani wa Ulaya. Mwalimu wa semina alitutajia jina lake, likanitoka."

Namsifu aliwaza juu ya pumba anazozifagia kila jioni chini ya mashine, ngozi ya mahindi yote ya Same, zinazojazwa kwenye magunia na kupakiwa kwenda kwa wafuga nguruwe. Wazo lilipita kichwani kama ndege apitaye mbele ya dirisha. Hakulishika.

"Kijiko kimoja cha chai kwa siku," Mwanaidi aliendelea, akikunja kidole kimoja. "Usizidishe wiki ya kwanza, hata ukishawishika. Tumbo litanguruma, utajisikia gesi, usiogope, ni raia wanashangilia. Na maji. Glasi kubwa, na nyingine baadaye. Bila maji umejimwagia simenti. Umenisikia? Simenti."

"Nimesikia."

"Basi ukipona uniambie, nami nipate la kusimulia semina."

Namsifu aliufunga mkebe kwenye kanga akarudi kazini. Alasiri nzima, huku mashine ikinguruma na vumbi jeupe likimtua kwenye kope, alitunga maneno. Aliyapanga, akayapangua. Yalikuwa maneno machache tu, na kila moja lilikuwa zito kama debe.

Jioni aliweka mkebe mbele ya baba yake.

"Nini hiki?"

"Dawa, Baba."

"Ya nini?"

Hapo ndipo maneno yote aliyoyatunga yalipomkimbia kama kuku waliotupiwa jiwe.

"Ya nguvu," alisema. "Ya wazee. Kijiko kimoja, unywe na maji."

Mzee aliugeuza mkebe, akamtazama kwa muda mrefu yule mzee mzungu anayekimbia. "Huyu ana umri gani?"

"Sijui, Baba."

"Magoti yake mazima," alisema Mzee Eliamini, na sautini mwake kulikuwa na kitu ambacho Namsifu hakukisikia tangu lile lori la tangawizi.

Laiti angalimwambia ukweli. Katika Myamba yote hapakuwa na mtu aliyejua kuliko Eliamini kile kinachotokea kitu kizito kikiingizwa kwenye mfereji mkavu. Lakini aliambiwa nguvu, naye nguvu ndiyo aliyokuwa anaitamani, kwa sababu ndiva ilikuwa bado imebomoka na mawazo yake yalikuwa bado kule juu yakibeba matope. Basi bintiye akishatoka kwenda kazini, yeye alijimiminia unga ule kiganjani, si kijiko kimoja bali vitatu, akaulamba mkavu kama watoto walambavyo glukosi. Juu yake aliteremshia mafunda mawili ya maji. Mafunda mawili, kwa kuwa maji yalikuwa ya kununua.

Siku ya nne Namsifu aliinua mkebe akauona mwepesi. Akafurahi. Baba anaipenda, aliwaza.

Kopo liliendelea kurudi limejaa.

Siku ya tano mchana, mwenye nyumba wao, Bi Saada, alikuja mpaka kwenye mashine akiwa hana hata mtandio. Ilimbidi apige kelele kuushinda mngurumo.

"Namsifu! Baba yako amekaa chini uani, hainuki. Nimemuuliza anaumwa wapi, ananiambia anaota jua. Jua gani hilo la kutoa jasho namna ile?"

Walimkuta ameegemea ukuta, koti limefunguliwa vifungo, tumbo limeumuka na kukazana kama ngozi ya ngoma. Muuza maji alikuwa anapita. Bila kuulizwa mara mbili aliteremsha madumu yake, wakamlaza mzee juu ya mkokoteni na kuanza kuusukuma kuelekea zahanati ya misheni. Kila shimo la barabara lilimtoa mzee pumzi. Katikati ya njia alifumbua macho.

"Maji ya watu mmeyaacha wapi?"

"Yapo kwa Bi Saada, mzee," alisema muuza maji. "Usijali."

"Mtu akae nayo. Yasiachwe peke yake."

Daktari wa zamu, Sylvester, alikuwa kijana mpole mwenye macho ya mtu ambaye hajalala juzi wala jana. Alimgonga mzee tumbo kwa vidole viwili, akasikiliza kwa kipima moyo, akagonga tena.

"Mzee, mara ya mwisho kupata choo lini?"

Mzee Eliamini alitazama miguu ya bintiye, iliyosimama kando ya kitanda, myeupe kwa unga hadi kwenye vifundo.

"Jana," alisema.

"Kikubwa?"

"Cha kawaida."

"Umekula au kunywa kitu chochote kigeni? Dawa za kienyeji?"

"Chakula cha nyumbani tu."

Daktari aliandika, akamwita Namsifu hatua mbili pembeni. Tumbo limejaa gesi na ni gumu, alisema, na kama choo kinatoka sawasawa basi anahofia utumbo umejisokota. Hapo hawana vifaa. Gari litajazwa mafuta, mzee apelekwe Moshi, wamfungue.

Wamfungue.

Namsifu alilijua neno hilo. Alikuwa darasa la tano lilipoingia nyumbani kwao. Mama yake alikuwa ameugua tumbo kwa muda ambao hakuna aliyeujua, kwa sababu kila alipoulizwa alijibu niko salama, na damu alizozificha alizifua mwenyewe mtoni kabla ya mapambazuko. Siku alipoanguka walimpeleka Moshi, wakamfungua, na alirudi Myamba juu ya lori ndani ya sanduku. Wiki iliyofuata Namsifu alirudisha vitabu shuleni, maana ndugu zake wadogo walihitaji mtu wa kuwapikia. Mwalimu alimwambia atunze daftari zake. Alizitunza mpaka panya walipozimaliza.

Alirudi kando ya kitanda. Baba yake alikuwa amefumba macho, na midomo ilikuwa imebanwa kama mlango wa ghala. Hapo Namsifu alielewa jambo. Mzee alisikia neno lile, na alilikubali. Alikuwa tayari kukatwa kwa kisu kuliko kulisema lile moja dogo mbele ya mtoto wake. Na yeye mtoto alikuwa amesimama pale, analijua, anaogopa. Walikuwa watu wawili wanaoheshimiana mpaka kaburini.

Walikuja na machela. Sista Hedwiga, muuguzi mzee wa zahanati ile, alishika upande wa kichwa, mhudumu mmoja upande wa miguu.

Namsifu aliweka mkono juu ya mti wa machela.

"Hajapata choo," alisema.

"Unasemaje, mwanangu?" Sista Hedwiga aligeuza sikio. "Sema kwa nguvu, masikio yangu yamestaafu kabla yangu."

Wodi ilikuwa na vitanda vinane na wagonjwa kumi na moja. Mwanamke aliyekuwa akimnyonyesha mtoto dirishani aligeuka kutazama.

"Hajapata choo siku kumi na moja."

"Namsifu," alisema baba yake. Jina lake tu, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba mlango ufungwe.

Lakini mlango ulikwishafunguka, na yeye hakujua tena namna ya kuufunga. Alieleza kopo. Alieleza linavyokwenda na linavyorudi, na alivyohesabu kila asubuhi bila kuuliza. Alieleza mkebe, na maneno ya Mwanaidi, na uongo alioutia badala yake. Alieleza nusu kikombe cha maji asubuhi na nusu jioni. Alipomaliza, daktari Sylvester alikuwa ameketi kwenye ukingo wa kitanda kilichokuwa karibu, na Mzee Eliamini alikuwa ameugeukia ukuta.

"Teremsheni machela," alisema Sista Hedwiga. "Leteni pazia. Na wewe, mwanangu, nenda nje ukapigwe na upepo."

Nje kulikuwa na benchi na ukuta uliochubuka. Namsifu aliketi. Alikuwa amechoka uchovu ambao hautokani na magunia. Alisikia maji yakimiminwa, beseni likivutwa, sauti ya sista ikiamuru na kubembeleza kwa zamu. Akasikia baba yake akilia kwa maumivu, mara moja, kifupi. Dereva alikuja kuuliza kama wanaondoka. Aliambiwa angoje. Alikuja tena, akaambiwa azime gari.

Jua lilikuwa limevuka paa Sista Hedwiga alipotoka, mikono ya gauni imekunjwa hadi kwenye viwiko, uso umelowa.

"Moshi haendi," alisema, akajitupa kwenye benchi mpaka likalia. "Nimefanya kazi hii tangu wakoloni wanafunga mizigo. Kwa ile simenti tungejenga darasa."

Namsifu alicheka, kisha akajikuta analia, kisha hakujua ni kipi kati ya hivyo viwili anachokifanya. Sista alimwacha mpaka akamaliza.

Ndani, mzee alikuwa bado ameutazama ukuta, lakini tumbo lilikuwa limeshuka. Sista alivuta kiti katikati yao, mahali ambapo wote wawili wangemsikia na hakuna ambaye angelazimika kumtazama mwenzake.

"Unga ule si sumu," alisema. "Nisije nikasikia mnamsema vibaya yule mama wa duka. Aliyowaambia ni kweli, wako wanaousifu na umewafaa. Ni chakula cha vijidudu wa tumbo. Lakini mzee, wale wako wamefunga miezi minane. Ugali wa sembe unaishia huko juu, kwao haufiki. Ghafla siku moja unawaandalia karamu. Wanakula kwa pupa, wanajaza gesi. Na huko mbele njia imezibwa. Na unga wenyewe unataka maji, nawe huupi. Ulitegemea nini?"

Kisha, kutoka ukutani, sauti ya Mzee Eliamini.

"Mfereji uliokauka haufunguliwi wote."

"Enhe?"

"Una nyufa. Ukiufungulia ndiva nzima unapasuka kingo. Unazibua kwa kidole kwanza. Siku mbili, tatu. Udongo ukishakunywa, ndipo unaongeza."

"Haya," alisema sista. "Yamo kichwani yote, na umelazwa hapa. Sasa niambie, wewe mtu wa maji, kwa nini hunywi?"

"Mgawa maji hunywa mwisho," alisema. "Watu wote wakishapata zamu yao. Ndivyo ilivyo kwetu."

"Kwako nyumbani watu wote ni wangapi?"

"Ni huyu."

"Na huyu umemwona akinywa?"

Mzee Eliamini aligeuka polepole. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alimtazama bintiye, midomo yake iliyopasuka, unga uliomganda kwenye nyusi. Namsifu aliinamisha kichwa. Alikuwa akipitisha siku kwa kikombe cha chai anachopewa kazini, ili dumu la nyumbani limtoshe baba.

"Sijamwona," alisema mzee.

"Basi mngengojana mpaka mkauke wote wawili," alisema Sista Hedwiga, akainuka kwa kushikilia magoti yake. "Wapare, jamani. Hata kiu mnaifanyia kesi."

Walirudi nyumbani siku ya tatu. Mtu angedhani kwamba jambo likishasemwa limesemwa, lakini haikuwa hivyo. Mzee alikula akiwa amempa bintiye bega. Alijibu salamu na kunyamaza. Namsifu alihisi kama mtu aliyevunja chungu cha ukoo ili amzuie nyoka asimwume mtoto: mtoto yuko hai, na vigae viko sakafuni, na kila mtu anavikwepa kwa miguu.

Hata hivyo alifanya kazi. Alimwomba mwenye mashine ampe malipo yake kwa unga wa dona, usiokobolewa.

"Dona?" mwenye mashine alishangaa. "Watu wanaikimbia wewe unaifuata? Au unataka turudi kwenye foleni?"

"Baba anaitaka," alisema Namsifu, na akaona kwamba hakuitazama sakafu.

Jumamosi alichemsha makande, akaazima moto kwa Bi Saada ili mkaa usiishe. Unga wa mkebe aliutia robo kijiko kwenye uji, na kando yake akaweka glasi mbili za maji, moja ya baba na moja yake, akainywa yake hapohapo mbele ya macho ya mzee. Siku ya kwanza mzee aliitazama glasi yake mpaka uji ukapoa. Siku ya pili aliinywa. Haikuwa muujiza. Tumbo lilinguruma kanisani wakati wa maombi ya kimya, na watu wa benchi la mbele wakageuka. Wiki moja lilikwenda vizuri, wiki iliyofuata likagoma, likaanza tena. Mwanaidi alikuja kumjulia hali akataka kujua kama anaweza kuisimulia habari hii semina. Mzee alimwambia aisimulie, ila amtaje kuwa ni mtu wa Ugweno, si wa Myamba.

Jumapili moja, mwezi ulipokuwa umekwisha, walikuwa uani baada ya ibada. Upepo ulikuwa umetulia, jambo la nadra. Mzee Eliamini alikuwa na ungo wa maharage mapajani, akichambua mawe. Alichambua kwa utaratibu, jiwe moja baada ya jingine, akiyarundika kando kama mtu anayejenga ukingo mdogo. Namsifu alikuwa anapita na beseni la nguo.

"Leo nimepata," alisema mzee. Hakuinua macho. Alilisema kama mtu anayetoa habari ya mvua.

"Vizuri, Baba."

"Na jana."

"Vizuri."

Alianza kwenda zake. Kamba ya nguo ilikuwa hatua tano mbele.

"Na wewe?"

Namsifu alisimama. "Mimi nini, Baba?"

"Mwili wako. Unasemaje?"

Neno lilikwishamfika ulimini, lile niko salama la mama yake, laini kwa kutumika, kama mpini wa jembe la mtu mwingine. Hakuna aliyemuuliza swali lile tangu alipokuwa darasa la tano. Alimtazama baba yake, vidole vyake vinene vikiendelea kutafuta mawe kati ya maharage. Mzee hakurudia swali. Alikuwa mtu aliyezoea kukaa kando ya bwawa alfajiri akingoja lijae.

Namsifu aliweka beseni chini. Akavuta kigoda, akaketi, akaikunja kanga magotini.

"Mgongo," alisema. "Tangu Pasaka. Na kifua, nikilala chali."

Mzee Eliamini alisogeza ungo pembeni.